Ukubwa wa ukurasa uamuliwe kabla ya kuandika neno la kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloonekana dogo mpaka siku kazi inapofika kwenye printa, nalo ni ukubwa wa ukurasa tunaouweka, au tunaoacha kuuweka, tunapoandika kwa kompyuta. Kazi yangu ni kupanga kurasa katika duka la steshenari na uchapaji hapa Morogoro. Wanaokuja kwetu ni wanafunzi wa vyuo, makatibu wa ofisi, walimu wanaotunga mitihani, kamati za harusi na za mazishi, na waandishi wanaotaka kujichapia vitabu vyao. Karibu wote huleta faili lililokwisha kuandikwa, wakiamini kwamba kilichobaki ni kubonyeza kitufe tu, na hapo ndipo inapobainika kwamba ukurasa uliomo ndani ya kompyuta na karatasi iliyomo ndani ya trei havilingani. Ninachowaomba wasomaji wako wakikubali ni kwamba ukubwa wa ukurasa uamuliwe mwanzo kabisa, kabla ya kuandika kichwa cha habari na kabla ya kuchagua aina ya herufi, kwa sababu karibu kila uamuzi unaofuata hutegemea huo.

Nianze na karatasi yenyewe. Karatasi inayouzwa kwa rimu katika maduka yetu ni A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Vipimo hivyo vina asili yake. Mwaka 1786 mwanasayansi wa Kijerumani, Georg Christoph Lichtenberg, alieleza katika barua sifa ya karatasi ambayo urefu wake ni upana wake mara kipeuo cha pili cha 2, yaani takriban mara 1.414: ukiikunja katikati, kila nusu hubaki na umbo lilelile la karatasi nzima. Mwaka 1922 Ujerumani iliufanya uwiano huo kuwa kiwango cha taifa kutokana na kazi ya Walter Porstmann, na mwaka 1975 ukawa kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 216. Karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba, A1 ni nusu yake, A2 ni nusu ya A1, na ukiendelea kukunja hivyo utafika A4, ambayo ni sehemu moja ya 16 ya A0. Kwa sababu hiyo karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ina kilo mbili na nusu. Ni hesabu inayomfaa hata mtu anayetaka kujua uzito wa tasnifu yake kabla ya kuipeleka posta.

Marekani na Canada hazikuufuata mfumo huo. Karatasi ya ofisi huko huitwa Letter, nayo ina inchi 8.5 kwa 11, sawa na milimita 215.9 kwa 279.4. Ukiilinganisha na A4, ni pana zaidi kwa karibu milimita 6 na ni fupi kwa karibu milimita 18. Sisi hatuinunui wala hatuitumii, lakini imejaa katika kompyuta zetu, kwa kuwa programu ya kuandikia mara nyingi huchagua ukubwa wa kuanzia kwa kufuata nchi na lugha iliyowekwa kwenye kompyuta, na kompyuta nyingi, hasa zilizotumika ng'ambo kabla ya kuletwa huku, huwa zimewekwa Kiingereza cha Marekani. Mwenye kompyuta haoni dalili yoyote. Ukurasa mweupe wa Letter na ukurasa mweupe wa A4 kwenye kioo ni vigumu kuvitofautisha kwa macho, na mtu anaweza kuandika miaka mitatu ya masomo yake bila kujua kwamba anaandika juu ya karatasi isiyouzwa mahali anapoishi.

Dalili huja siku ya kuchapa. Kuna printa zinazosimama na kuwasha taa zikidai ziwekewe karatasi ya Letter, na mwenyewe akadhani mashine imeharibika. Nyingine hujiamulia kuubana ukurasa hadi asilimia 97 ili upana wake utoshe kwenye A4. Hapo herufi za ukubwa wa 12 huwa 11.7, juu na chini hubaki utupu ambao kwa jumla ni sentimita mbili na nusu, na pambizo ya milimita 40 ambayo chuo kimeiagiza upande wa kujalidi inakuwa haitimii tena. Mkaguzi wa tasnifu akiweka rula, anaikataa kazi, na mwanafunzi anaapa kwamba alifuata maelekezo yote. Wote wawili wanasema kweli.

Tatizo halimalizwi kwa kurekebisha ukurasa mwishoni. Tuchukue pambizo za inchi moja kila upande na mistari iliyoachana kwa pointi 18, yaani robo ya inchi, mpangilio ulio karibu na ule unaotakiwa na vyuo vingi. Ukurasa wa Letter utabeba mistari 36, na ule wa A4 mistari 38, huku mstari wa A4 ukiwa mfupi zaidi kwa karibu milimita 6. Ukibadilisha ukubwa baada ya kuandika kurasa 150, kila kitu kinahama: picha iliyokuwa chini ya aya yake inarukia ukurasa mwingine, kichwa kidogo kinabaki peke yake mwishoni mwa ukurasa, jedwali linakatika katikati, na orodha ya yaliyomo iliyoandikwa kwa mkono inataja namba za kurasa ambazo si sahihi tena. Nimewaona wanafunzi wakiyapitia haya katika wiki ya mwisho ya kuwasilisha kazi, wakati ambao walipaswa kuwa wanasoma hoja zao kwa mara ya mwisho, na inanisikitisha kwa sababu lilikuwa jambo la nusu dakika siku ya kwanza.

Nusu dakika hiyo hutumika hivi. Katika Microsoft Word, fungua kichupo cha Layout, bonyeza Size, kisha ushuke hadi mwisho wa orodha palipoandikwa More Paper Sizes. Dirisha litakalofunguka lina visanduku viwili, kimoja cha upana na kingine cha urefu. Watu wengi huogopa kuvigusa kwa kuwa huonyesha inchi, lakini hakuna haja ya kupiga hesabu: andika 148 mm, au 14.8 cm, pamoja na alama ya kipimo, na programu itageuza yenyewe. Chini ya dirisha hilo kuna kitufe cha Set As Default; ukikibonyeza baada ya kuchagua A4, nyaraka mpya utakazozifungua baadaye kwenye kompyuta hiyo zitaanza na A4. Katika LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure na ninaipendekeza kwa kila shule isiyo na fedha za leseni, njia ni menyu ya Format, kisha Page Style, kisha kichupo cha Page, na hapo unaweza kuchagua ukubwa uliokwisha kutajwa au kuandika wako mwenyewe. Baada ya hapo zipangwe pambizo, na baada ya pambizo ndipo herufi.

Hasara kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, iko kwenye vijitabu vya A5: ratiba za mazishi zenye wasifu wa marehemu, vijitabu vya ibada, katiba za vikundi vya kuweka na kukopa. Kijitabu cha namna hiyo ni karatasi za A4 zilizokunjwa katikati na kupigwa pini mgongoni, kwa hiyo ukurasa wake una milimita 148 kwa 210. Anayekiandika, ambaye mara nyingi ni kijana wa familia aliyekabidhiwa kazi hiyo usiku wa msiba, huandika kwenye A4 kwa herufi za 12, huona pamependeza, kisha hutuletea tukipunguze kiingie. Kutoka A4 kwenda A5 ni kupunguza hadi asilimia 71. Herufi za 12 zinakuwa 8.5. Maelezo ya picha yaliyoandikwa kwa herufi za 9 yanashuka chini ya 6.5. Kijitabu hicho kinafika mikononi mwa wazee, ambao ndio waliomjua marehemu kwa muda mrefu zaidi na ndio wanaotaka kuona kama majina ya ukoo yametajwa sawasawa, nao hawawezi kukisoma chini ya turubai bila kumpa mjukuu awasomee. Heshima tuliyokusudia kumpa marehemu kwa kuandika wasifu wake inapungua hapo.

Ukurasa ungewekwa A5 tangu mwanzo, herufi za 11 zingebaki 11. Pambizo za milimita 20 kushoto na kulia zingeacha mstari wa milimita 108, unaobeba takriban herufi 65 za aina ya kawaida kama Times New Roman, na huo ni urefu ambao jicho huufuata bila kupotea linaporudi kuanza mstari unaofuata. Mstari wa A4 wenye pambizo za inchi moja hubeba karibu herufi 90 za ukubwa wa 12, na kwa hakika ni mrefu mno hata kabla ya kupunguzwa. Tumeuzoea tu kwa sababu ndio unaokuja na programu.

Hoja ninayopewa kila mara ni kwamba kurasa zitaongezeka. Ni kweli. Wasifu uliobanwa katika kurasa 8 kwa herufi za 8.5 unaweza kufika kurasa 14 kwa herufi za 11, na kwa kuwa kijitabu cha kukunja hukubali tu idadi ya kurasa inayogawanyika kwa 4, kitachapwa kwa kurasa 16, yaani karatasi 4 za A4 badala ya 2 kwa kila nakala. Kwa nakala 200 nyongeza ni karatasi 400, ambazo hazitimizi rimu moja, pamoja na wino wake. Familia iliyokwisha kugharamia turubai, viti, chakula na usafiri isinyimwe ushauri huu na mchapaji, na ikishaelezwa, iamue yenyewe. Wala kijana anayeandika asihangaike kuzipanga kurasa ili ya mwisho ikae kando ya ya kwanza kwenye karatasi moja. Kazi hiyo hufanywa na programu ya kusomea PDF wakati wa kuchapa, kwa kuchagua mpangilio wa kijitabu. Yeye aandike kurasa za A5 kwa mfululizo wa kawaida, moja hadi 16.

Waandishi wa vitabu wana tatizo tofauti. Wengi hupakua violezo kutoka intaneti, na violezo hivyo huja na inchi 6 kwa 9, ukubwa unaotumika sana kwa vitabu nchini Marekani. Ni ukubwa mzuri kwa macho, lakini karatasi zetu haziupendi. Inchi 6 ni milimita 152.4; kurasa mbili zikilazwa kando kwa kando zinahitaji milimita 304.8, na upande mrefu wa A4 una 297. Zinazidi kwa karibu milimita 8, kwa hiyo A4 haifai na mchapaji mdogo hana budi kuhamia A3, ambayo ni mara mbili ya A4. A3 ingebeba kurasa 4 za A5 kila upande, lakini za inchi 6 kwa 9 inabeba 2 tu, na kinachobaki hukatwa na kutupwa. Kitabu cha kurasa 160 ambacho kingetumia karatasi 20 za A3 kwa kila nakala sasa kinatumia 40. Mwandishi anayelalamika kwamba bei aliyotajiwa ni kubwa huwa haambiwi kwamba sehemu ya bei hiyo imo ndani ya faili lake. Kwa yule anayekusudia kuuza kitabu chake Marekani kupitia kampuni za huko zinazochapa nakala kwa oda, inchi 6 kwa 9 ni chaguo halali. Kwa yule atakayechapia na kuuzia hapa nchini, sioni sababu.

Hata hivyo, A5 kamili nayo haimtoshi mwandishi wa kitabu, na hapa ndipo visanduku vile viwili vya upana na urefu vinapohitajika kweli. Kitabu kikishafungwa, kingo tatu hukatwa kwa mashine ili kurasa zilingane. Viwanda vikubwa huchapa kwenye karatasi pana, kama zile za milimita 640 kwa 900, ambazo zimeachiwa nafasi ya kukatwa, lakini sisi wa madukani tunaotumia A4 na A3 za kawaida hatuna nafasi hiyo. Kinachokatwa kinatoka kwenye ukurasa wenyewe. Ukikata milimita 3 upande wa nje, na milimita mbili na nusu juu na vivyo hivyo chini, A5 inabaki na milimita 145 kwa 205. Mwandishi anayelijua hilo anaweka ukurasa wake 145 kwa 205 tangu siku ya kwanza, anapanga pambizo zake humo, na kile anachokiona kwenye kioo ndicho atakachokishika mkononi. Asiyejua hushangaa kuona namba za kurasa zimesogea mno ukingoni, huku pambizo ya ndani ikiwa pana kuliko ya nje. Jambo hili liulizwe kwa mchapaji kabla ya kuanza kuandika, kwa kuwa kila mashine ya kukatia ina desturi yake.

Kadi za mchango na za mwaliko wa harusi hufaidika pia na ukubwa wa kujiwekea. Karatasi nzito ya A4 ikigawanywa mara tatu kwa urefu wake wa milimita 297, kila kipande kina milimita 99 kwa 210, bila kipande hata kimoja cha kutupa, na kadi hiyo huingia kwa raha katika bahasha ya DL, yenye milimita 110 kwa 220. Kamati ikiniomba ushauri, huwaambia wanunue bahasha kwanza. Nimeona kadi nzuri sana, zilizochapwa kwa rangi na kulipiwa, zikikosa bahasha ya kuingia kwa sababu ya milimita tano.

Vitambulisho vya wanachama na wafanyakazi vina kipimo chao cha kimataifa, milimita 85.6 kwa 54, kilekile cha kadi za benki. Mtu akiuweka ukurasa kwa kipimo hicho hatakuwa amekosea, ila printa nyingi ndogo za leza hazipokei karatasi yenye upana wa chini ya milimita 76, kwa hiyo ni afadhali kadi 10 zipangwe katika ukurasa mmoja wa A4, safu 2 za kadi 5, kisha zikatwe. Ikumbukwe vilevile kwamba printa hizo haziwezi kuchapa hadi ukingoni kabisa. Huacha kama milimita 4 kila upande. Fremu ya cheti iliyochorwa milimita 2 kutoka ukingoni itakatika hata kama ukubwa wa ukurasa ni sahihi.

Kuna wakati ambapo waraka mmoja unahitaji kurasa za ukubwa tofauti, kama ripoti ya mwaka yenye jedwali pana la mapato na matumizi. Hapa makatibu wengi hukwama, kwa kuwa wakiulaza ukurasa mmoja, ripoti nzima inalala. Dawa yake ni kuugawa waraka katika sehemu: weka mkato wa sehemu (Section Break) kabla ya jedwali na mwingine baada yake, kisha ubadilishe ukubwa au ulalo wa sehemu hiyo ya katikati peke yake, ukihakikisha kwamba kwenye kisanduku cha Apply to umechagua sehemu hiyo na si waraka wote. Jedwali linaweza kuwa A3 iliyolazwa huku ripoti yote ikiwa A4 iliyosimama. Writer hulifanya hili kwa mitindo ya kurasa, na binafsi naiona njia hiyo kuwa safi zaidi, kwa kuwa kila mtindo hubeba ukubwa na pambizo zake.

Wanaotaka mabango wajue kwamba Word haikubali ukurasa unaozidi inchi 22, takriban milimita 559, kwa hiyo A2 yenye urefu wa milimita 594 haiingii. Watengeneze kwenye A3 na bango likuzwe wakati wa kuchapa: asilimia 141 litakuwa A2, asilimia 200 litakuwa A1, na umbo halitaharibika kwa sababu ya ule uwiano niliouzungumzia. Picha tu ndizo ziwe kubwa za kutosha.

Sasa niseme kwa wenye mamlaka. Taasisi zinazoalika makala, maombi ya ruzuku au miswada ya mashindano ya uandishi mara nyingi hutangaza kwamba kazi isizidi kurasa 10, au 20, bila kutaja ukurasa wa ukubwa gani, pambizo kiasi gani na herufi za ukubwa gani. Sharti la namna hiyo halimpimi mtu yeyote kwa haki. Yule mwenye ukurasa mpana na pambizo nyembamba anaandika maneno mengi zaidi kuliko mwenzake aliyekuwa mwaminifu kwa pambizo za kawaida, na wote wawili wamefuata tangazo. Tangazo litaje milimita, au litaje idadi ya maneno, na ikiwezekana litoe kiolezo kilichokwisha kuwekwa ukubwa sahihi ili mwombaji aandike humo. Vyuo navyo, badala ya kutoa mwongozo wa kurasa nyingi unaoeleza pambizo, vingeweza kutoa faili moja tupu ambalo limepangwa tayari. Mwanafunzi angelifungua na kuanza kuandika.

Walimu wa kompyuta wa shule na vyuo vya ufundi ninawaomba wahamishe somo hili kutoka mwisho wa muhula, pale linapofundishwa pamoja na kuchapa, walilete siku ya kwanza. Mwanafunzi apewe rula apime karatasi halisi, aikunje A4 ipate A5, aone kwa mikono yake kwamba umbo halibadiliki, kisha aandike vipimo hivyo kwenye kompyuta. Linafundishika kwa Kiswahili bila taabu. Tangu mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, tumejua kwamba menyu za programu ya ofisi zinaweza kusema Kiswahili, na inaniuma kwamba miaka mingi baadaye bado tunawafundisha watoto kukariri mahali pa kubonyeza badala ya kuwaeleza kinachotokea wanapobonyeza.

Wenzangu wa steshenari nao wana sehemu yao. Tunapokea mafaili kwa WhatsApp na kwa flashi, tunayafungua kwenye kompyuta zetu, na tusipoangalia tunachapa kwa kubana ukurasa kimyakimya ili mteja aondoke haraka. Tuangalie ukubwa wa ukurasa kabla ya kuchapa, na kama ni Letter tumwambie mteja na kumwonyesha tofauti. Tuzime mpangilio wa kubana kwenye printa zetu, tuchape kwa ukubwa halisi, na kubana kufanyike tu pale mteja anapokubali baada ya kuelezwa. Mteja naye, akishaweka ukubwa na kumaliza kuandika, atutumie PDF, kwa sababu faili la PDF hubeba ukubwa wa ukurasa pamoja na mpangilio wake wote, ilhali faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na herufi zilezile linaweza kupangika upya mbele ya macho yetu.

Na kwa mteja anayekuja tumwandikie kuanzia mwanzo, karani wa duka amuulize mambo mawili kabla hajagusa kibodi: itachapwa kwenye karatasi gani, na itafungwaje? Mwanafunzi atajibu A4, ya kujalidi kushoto. Kamati ya mazishi itajibu kijitabu cha kukunja. Mwenye kadi atatoa bahasha aliyokwisha kuinunua. Majibu hayo yaingizwe kwenye visanduku vya upana, urefu na pambizo wakati mteja angali amesimama pale kaunta.

Ni mimi msomaji wako,
Mpangaji wa kurasa,
Morogoro.